Kibao cha Mbele Kisicho na Mahali pa Kukaa

Mtu anayejiundia gari nyumbani nchini Uingereza hukaguliwa karibu kila kitu kabla gari lake halijaruhusiwa kuingia barabarani. Wakaguzi wa IVA, ule ukaguzi wa gari moja moja ulioshika nafasi ya ukaguzi wa awali ulioitwa SVA mwaka 2009, huangalia breki, usukani, mikanda, taa, kelele na moshi wa ekzosi. Hupapasa kingo za bodi pia, kwa sababu kanuni ya vitu vinavyochomoza inataka kona zinazoweza kumgusa mpita njia ziwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Hata nafasi ya kibao cha namba cha nyuma ina sehemu yake katika ukaguzi huo, pamoja na taa ya kukimulika. Kibao cha mbele ndicho kinachoachwa. Na siku hiyo gari lenyewe halina namba bado; DVLA, mamlaka ya usajili, huitoa baada ya gari kufaulu.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyewahi kukaa karibu na mafundi hawa. Namba inafika, kibao kinatengenezwa, halafu mwenye gari anasimama mbele ya pua ya chombo alichokihangaikia miaka, ubao wa milimita 520 kwa 111 mkononi, hana pa kuuweka. Kuanzia hapo ni ubunifu tu, na sehemu kubwa ya ubunifu huo haikubaliki kisheria.

Ni rahisi kumlaumu fundi kwamba hakupanga mapema, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake, nitairudia. Lakini sheria ya Uingereza tayari inajua namna ya kushughulika na chombo ambacho umbo lake halipokei kibao cha kawaida. Imefanya hivyo kwa pikipiki, na imefanya hivyo kwa magari yanayoagizwa kutoka nje. Aliyejiundia gari ndani ya nchi ndiye aliyesahaulika.

Kwanza sheria yenyewe, maana mengi yanayosemwa juu yake vijiweni ni uvumi. Wajibu wa kuonyesha namba ulianza na sheria ya magari ya 1903, iliyotumika kuanzia tarehe 1 Januari 1904. Kanuni zinazotawala vibao leo ni za 2001, na zinachopima zaidi ni maandishi. Kila herufi au tarakimu iwe na urefu wa milimita 79 na upana wa 50, isipokuwa tarakimu 1 na herufi I. Unene wa mstari ni 14. Kati ya herufi na herufi ni 11, kati ya kundi na kundi ni 33, na pembezoni pande zote iachwe 11. Mbele mandharinyuma ni meupe, nyuma ni ya njano, na tangu Septemba 2021 kibao kipya lazima kikidhi kiwango cha BS AU 145e, ambacho kinahusu uakisi wa mwanga na uimara wa ubao. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na gari hushindwa ukaguzi wa kila mwaka wa MOT.

Sasa jumlisha. Namba ya mtindo wa sasa ina maandishi saba, manne kisha matatu. Ukichukua upana wa yote, nafasi zake na pembezo zake, unapata milimita 460 kwa upana na 101 kwa kimo. Hizo 520 zinazotajwa kila mahali ni desturi ya watengenezaji vibao, pamoja na nafasi ya bendera na nembo. Fundi anayelalamika kwamba serikali imemlazimisha ubao wa nusu mita hajasoma kanuni. Kibao cha mistari miwili kinaruhusiwa vilevile, na kwa hesabu ileile kinashuka hadi 255 kwa 199. Wala hakuna kanuni inayosema kibao kikae katikati. Alfa Romeo 156 ilitoka kiwandani mwaka 1997 na kibao kilichosogezwa pembeni, ili kisifunike ile ngao ya mbele ambayo ndiyo sura ya gari, na iliuzwa Ulaya nzima bila tatizo.

Kwa hiyo nafasi ipo kwa wengi. Mwenye nakala ya AC Cobra, yenye mdomo mpana na bodi inayofunika tairi, hana sababu ya kulia. Atapata pa kuweka kibao chini ya mdomo au pembeni yake, na kama hapendi kinavyoonekana, hayo ni mapenzi yake na si hoja.

Tatizo la kweli liko kwa ukoo wa Seven. Lotus Seven ilitoka mwaka 1957 mikononi mwa Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, na iliuzwa kama seti ya vipuri kwa sababu za kikodi: gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, lililouzwa vipandevipande halikutozwa. VAT ilipoingia mwaka 1973 mwanya ule ukaziba. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kulitengeneza, na tangu hapo watu wengi, viwandani na magereji ya nyumbani, wameiga umbo lilelile: tairi za mbele ziko nje ya bodi, pua ni nyembamba na fupi kwa kimo, na mbele yake kuna tundu moja. Hakuna bampa. Hakuna pembeni pa kusogezea kitu, kwa sababu pembeni ya pua kuna mikono ya springi na hewa tupu.

Mwenye gari hilo ana mahali patatu, na kila mahali pana adhabu yake. Akikiweka mbele ya tundu, anaziba njia ya hewa ya rejeta. Gari likiwa kwenye mwendo huenda asione tofauti, lakini foleni ikikaza siku ya joto feni inavuta hewa kupitia upenyo uliopungua, na sindano ya joto inapanda. Akikining'iniza chini ya pua, kinakuwa karibu mno na ardhi. Tuta la kwanza linakikwangua, la pili linakiondoa. Na huko chini kinakaa usawa wa muundi wa mtu, ubao mgumu wa akriliki wenye ukingo ulionyooka, kwenye gari ambalo wakaguzi wametumia muda kuhakikisha halina kona kali. Wapo wanaofunga kibao kwa bawaba na springi ili kijikunje kikiguswa. Ni akili nzuri, ila kwenye mwendo wa barabara kuu upepo hukilaza, na kibao kilicholala hakisomeki.

Mahali pa tatu ni juu ya pua yenyewe, kwa stika. Hapa ndipo wengi wanapoishia, na gari hupendeza. Jaguar E-Type za miaka ya 1960 zilizoeleka hivyo, namba ikifuata mviringo wa boneti, na bila shaka jicho la mafundi wengi lilijifunzia huko. Ila magari ya enzi hiyo yana kanuni zao. Yaliyoundwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980 na kusajiliwa katika kundi la kihistoria yanaruhusiwa hata vibao vyeusi visivyoakisi mwanga. Gari lililokamilika mwaka jana, hata likifanana na la 1960 hadi kwenye misumari, halina ruhusa hiyo. Linapaswa kubeba maandishi yanayoakisi, ya vipimo kamili, wima au karibu na wima kadiri inavyowezekana. Yale maneno "kadiri inavyowezekana" ndiyo kichaka ambamo wenye stika hujificha. Pua ya Seven imelala nyuma kiasi kwamba mtu aliyesimama mbali anaona zaidi mng'ao wa mbingu kuliko herufi. Kuna polisi watakaotabasamu na kupita, kuna watakaosimamisha gari, na tofauti kati yao haitabiriki. Sheria inayotegemea hali ya moyo ya askari ni sheria mbovu kwa pande zote mbili, hata kwa huyo aliyepona leo.

Pikipiki zilifikaje zilipo? Kwa miongo mingi nazo zilidaiwa namba ya mbele, na ilikaa kwenye madigadi ya tairi ya mbele kama bamba lililosimama kwa ubavu, likielekeza ukingo wake mbele, yaani kwa yeyote ambaye pikipiki ingemgonga. Wajibu huo uliondolewa mwaka 1975. Watunga sheria walitazama chombo, wakaona umbo lake na kibao havipatani, na wakakubali kwamba namba moja ya nyuma inatosha. Dunia haikuanguka.

Mfano wa pili unanishangaza zaidi, kwa sababu haujulikani sana nje ya wauzaji wa magari ya Marekani na Japani. Kanuni za Uingereza zinaruhusu maandishi madogo, urefu wa milimita 64 na upana wa 44, kwa gari linalotimiza mambo matatu: liwe limeagizwa kutoka nje, lisiwe na idhini ya aina ya Ulaya (ile inayotolewa mara moja kwa aina nzima ya gari la kiwandani), na muundo wake usiwe na nafasi ya kibao cha vipimo vya kawaida. Sharti la pili na la tatu vinaisema Seven ya gereji kana kwamba viliandikwa kwa ajili yake. Haina idhini ya aina, ndiyo maana ikapitia IVA. Haina nafasi, tumeshaona. Inakwama kwenye sharti la kwanza: imezaliwa ndani.

Tafakari maana yake barabarani. Gari la tani mbili kutoka Detroit, lenye kishimo kidogo cha kibao cha Kimarekani, linasomeka vya kutosha kwa herufi za milimita 64. Gari la kilo mia tano na kitu lililoundwa na Mwingereza nyumbani kwake kwa herufi zilezile halisomeki. Jicho la polisi na kamera hazijui gari lilipotoka. Ama herufi za 64 zinasomeka, ama hazisomeki. Na kama serikali imeridhika kwamba zinasomeka, cheti cha kuzaliwa cha gari kinahusika vipi?

Nikikadiria, upunguzo wenyewe si mkubwa. Maandishi saba ya upana wa 44 badala ya 50 yanaokoa milimita 42, na nafasi ndogo za katikati zinaongeza kidogo. Kwa mstari mmoja hilo halitabadilisha maisha ya mtu. Faida yake iko kwenye kibao cha mistari miwili, ambacho kimo chake kinapungua kwa milimita 30 za herufi peke yake. Hapo ndipo kibao kinapoweza kukaa chini ya tundu, au mbele ya ubavu mmoja wa tundu, bila kulifunga na bila kukwangua ardhi. Anayeunda gari dogo anahesabu hata milimita kumi.

Kuna jambo la pembeni ambalo halipendezi. Mwenye fedha ana njia yake ya kutoka. Ananunua namba binafsi ya zamani yenye maandishi manne au matano, kibao chake kinafupika kihalali, na tatizo linakwisha kwa hundi. Lakini gari la kujiundia ambalo asili ya vipuri vyake haikuthibitika, au lililochanganya vipuri vikuu kutoka magari kadhaa, hupewa namba inayoanza na Q, na namba ya Q haiwezi kufunikwa kwa namba binafsi. Huyu aliyeokota injini hapa, ekseli kule na gia boksi kwingine ndiye fundi hasa, na mara nyingi ndiye mwenye mfuko mwembamba. Ndiye pia aliyefungiwa mlango wa pekee unaouzwa.

Wapo wanaosema tatizo lote lingekwisha kwa kufuta kibao cha mbele. Wana mifano. Marekani kila jimbo lina sheria yake: Pennsylvania, Michigan na Florida hudai cha nyuma tu, California na Texas hudai vyote viwili, na Ohio iliacha cha mbele Julai 2020. Kanada vilevile, Quebec na Alberta ni kimoja, Ontario ni viwili. Mikataba ya kimataifa nayo haikubaliani. Ule wa Geneva wa 1949 uliridhika na namba ya nyuma kwa uchache. Ule wa Vienna wa 1968 ukataka mbele na nyuma, pikipiki zikiachiwa nyuma peke yake. Uingereza iliidhinisha mkataba wa Vienna mwaka 2018 na ukaanza kuifunga mwaka uliofuata. Hilo peke yake linapunguza uzito wa hoja ya kufuta: gari lisilo na kibao cha mbele lisingeweza kuvuka kwenda Ufaransa bila kuvunja mkataba, na kwa wenye Seven, safari ya milima ya Alps ni nusu ya sababu ya kuunda gari.

Lakini hata bila mkataba, siungi mkono kufuta. Kamera za mwendo kasi za aina ya Gatso hupiga picha nyuma ya gari, ila za Truvelo hupiga mbele, na mifumo ya kusoma namba kiotomatiki, ambayo ilianzia kwenye maabara ya polisi ya Uingereza mwaka 1976, hufungwa pande zote. Mtu aliyegongwa huliona gari likimjia kabla ya kuliona likiondoka. Anayejitetea kwamba magari ya kujiundia ni machache na hayagongi watu anaomba msamaha wa kisheria kwa misingi ya tabia njema, na msamaha wa namna hiyo hukaliwa haraka na wasiostahili. Kesho yake utaona mwenye gari la kifahari la kiwandani akidai naye pua yake ni nzuri mno kutobolewa. Wako wanaodai hivyo tayari, na gari lao lilitoka kiwandani na mahali pa kibao.

Ndiyo maana mfano wa magari ya kuagizwa unanivutia kuliko wa pikipiki. Haumtoi mtu kwenye wajibu, unabadilisha kipimo tu. Kinachohitajika ni kuongeza maneno machache kwenye kanuni iliyopo, ili gari lililopita IVA kama gari la kujiundia lihesabiwe pamoja na lililoagizwa, kwa kibao cha mbele peke yake. Cha nyuma kibaki vipimo kamili. Huko nafasi ipo na wakaguzi wameshaiona.

Ukaguzi nao uguse mbele. Sababu ya kutouhusisha ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kimantiki: maelekezo ya Ulaya ya 1970 kuhusu nafasi ya vibao yaliandikwa kwa ajili ya cha nyuma, na ukaguzi wa Uingereza ukarithi umbo hilo. Hakuna kinachozuia mkaguzi kudai bodi iwe na mahali palipoandaliwa mbele, tambarare na wima kwa kiasi fulani, hata kama namba haijatolewa, na kuandika kwenye cheti kama mahali hapo panapokea herufi za 79 au panahitaji za 64. Mtengenezaji wa vibao, ambaye England na Wales tangu 2003 analazimika kuona hati za gari na kitambulisho kabla ya kutengeneza, angeona alama hiyo kwenye hati na kujua kipi anaruhusiwa kutoa. Bila alama, hakuna kibao kidogo. Mwenye gari la kifahari hataipata, kwa sababu gari lake halikupitia mlango huo.

Wakaguzi watasema ni kazi ya ziada. Ni dakika tatu za kupima kwa futi kamba, kwenye ukaguzi ambao tayari unamaliza sehemu kubwa ya siku.

Na fundi, kama nilivyoahidi. Watengenezaji wa seti za vipuri huuza pua za gari bila mahali pa kibao kwa sababu picha za matangazo huonekana vizuri zaidi hivyo, na wanunuzi huzinunua kwa sababu hiyohiyo. Sheria ya namba ya mbele ina umri wa zaidi ya karne. Hakuna anayeweza kusema ilimshtukiza. Kulegeza kipimo kutasaidia pale ambapo umbo kweli limekataa. Hakutamsaidia aliyeiacha kazi hiyo iwe ya mwisho kwa kutumaini kwamba stika itapita. Ambaye pua ya gari lake bado haijapakwa rangi akate kadibodi mbili, moja ya 460 kwa 101 na nyingine ya 255 kwa 199, azishike mahali pote panapowezekana, na afanye hivyo kabla hajaamua rejeta itakaa wapi.